Laptopu ililala, malipo ya wapagazi yakakatikia njiani

Kampuni ya kisa hiki ni ndogo. Inapandisha wageni Mlima Kilimanjaro, na ofisi yake iko Moshi mjini, jirani na Mnara wa Saa. Masika yakiingia wageni hupungua, na hapo ndipo kazi za ofisini zilizosubiri msimu mzima hupata nafasi. Waliamua kuhamisha rekodi zote za malipo ya wapagazi, wapishi na waongozaji kutoka kwenye mafaili ya Excel kwenda kwenye mfumo mpya, ambao kanzidata yake iko kwenye seva ya kukodi mjini Frankfurt, Ujerumani. Kijana wao wa kompyuta aliandika skripti, yaani programu fupi, ya kusoma faili mstari kwa mstari na kuingiza kila malipo, akaipandisha kwenye seva pamoja na mafaili, akaingia kwa SSH, njia salama ya kuendesha kompyuta ya mbali, akaianzisha. Mistari ikaanza kutiririka kwenye skrini. Ilikuwa jioni. Akafunga laptopu, akaenda zake nyumbani Majengo akijua kazi inaendelea huko Ulaya.

Asubuhi alikuta zimeingia safari za mwanzo tu. Akaona ni mtandao umesumbua, akaianzisha upya kuanzia juu. Mchana umeme ukakatika, skripti ikafa tena. Akairudia tena.

Aliyegundua tatizo ni mama wa hesabu. "Mwanangu, huyu wa njia ya Machame ameshalipwa mara mbili hapa, na mwenzake walioshuka pamoja Mweka hana hata shilingi. Sasa nimwamini nani?"

Swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Mpagazi anabeba mzigo ambao mizani ya getini hairuhusu uzidi kilo 20, siku sita au saba za baridi na mvua, kisha anasubiri jina lake kwenye orodha. Orodha ikisema ameshalipwa naye hajalipwa, yeye ndiye atakayeonekana mdanganyifu, maana watu hawaibishii kompyuta. Nilipoombwa kuangalia, nilitaka kwanza nijue kwa uhakika ni nini kilichokuwa kinaiua ile skripti, kabla ya mtu yeyote kuianzisha tena.

Logi zilisema nini

Kijana alikuwa na maelezo yake tayari: intaneti ya ofisi haina msimamo. Na alikuwa ameshatafuta dawa. Kwenye faili la mipangilio ya SSH la laptopu yake, iliyokuwa na Ubuntu, kulikuwa na mistari hii miwili:

ServerAliveInterval 15
ServerAliveCountMax 3

Maana yake ni kwamba kila baada ya sekunde 15 za ukimya laptopu inaiuliza seva kama bado ipo, na maswali matatu yakikosa jibu inakata muunganisho. Huu ndio ushauri ambao kila mtu hupewa SSH ikimkatikia. Ni ushauri mzuri kwa ugonjwa mmoja. Kwa mingine miwili hausaidii kitu, na mtandao ukiyumba kidogo tu unazidisha tatizo.

Tulifungua logi, yaani kumbukumbu za matukio ambazo kompyuta hujiandikia, za pande zote mbili tukazilinganisha saa kwa saa. Kwa tukio la jioni ya kwanza, seva ilikuwa imeandika "Timeout, client not responding", yaani mteja (laptopu) hajibu, dakika chache tu baada ya kijana kufunga laptopu. Upande wa laptopu hapakuwa na neno lolote mpaka asubuhi alipofungua mfuniko, ndipo skrini ikatoa "Broken pipe", yaani njia imekatika. Tukio ni moja, lakini pande mbili zimeliona kwa tofauti ya usiku mzima. Yeye aliuona ule ujumbe wa asubuhi, akaamini kazi imekatika asubuhi, wakati ilikuwa imekufa kabla hajafika nyumbani.

Tukio la mchana lilikuwa na sura nyingine. Safari hii laptopu ndiyo iliyokata tamaa kwanza: "Timeout, server not responding", yaani seva haijibu. Umeme wa ofisi ulikatika, ruta ikazimika, jenereta likawashwa, ruta ikachukua muda wake kuamka. Sekunde 45 zilikuwa zimepita zamani.

Muunganisho unakaa wapi hasa

Hapa inabidi nieleze kidogo, kwa sababu watu wengi, hata walio kazini, wanaamini muunganisho ni kitu kilichonyooshwa kati ya Moshi na Frankfurt ambacho mtandao ukiyumba kinakatika. Sivyo. TCP, itifaki inayobeba SSH na ambayo vipimo vyake vilichapishwa mwaka 1981, inahifadhi muunganisho kama kumbukumbu mbili, moja kila upande. Kila kumbukumbu inatambulika kwa vitu vinne: anwani ya IP na namba ya poti (mlango ambao programu inapitia) ya huku, anwani na poti ya kule. Kama hakuna anayesema kitu, hakuna pakiti (kifurushi kidogo cha data) inayopita, na hakuna kinachoharibika. Ukichomoa waya wa mtandao pande zote zikiwa kimya, ukaurudisha baada ya saa moja, mazungumzo yanaendelea pale yalipoachwa. Linux yenyewe, pale programu inapoomba ukaguzi wa TCP, husubiri sekunde 7200 za ukimya, yaani saa mbili, ndipo ianze kuulizia.

Hata pakiti zikipotea katikati ya mazungumzo, TCP haikati haraka. Inarudia kutuma, kila mara ikiongeza muda wa kusubiri, na kwa mipangilio ya kawaida ya Linux inavumilia kama dakika 15. Kwa hiyo faiba ikiyumba kwa dakika mbili, TCP peke yake ingepona. Aliyeua muunganisho kwa tatizo dogo namna hiyo ni ile mistari miwili: inaiambia SSH isivumilie zaidi ya sekunde 45.

Kwa nini basi mistari hiyo inapendekezwa kila mahali? Kwa sababu katikati ya njia kuna vifaa vingine vinavyopitisha pakiti. Ruta ya ofisi, na mara nyingi mtambo wa kampuni ya simu pia, inawachangia watu wengi anwani moja ya nje, na ina jedwali la kukumbuka ni pakiti ipi ya nani. Muunganisho ukikaa kimya muda mrefu, mstari wake unafutwa. Mwongozo wa mwaka 2008 wa jambo hili unataka muunganisho wa TCP ukumbukwe kwa saa 2 na dakika 4 angalau, lakini ruta nyingi, na mitandao ya simu hasa, husahau mapema zaidi. Kuulizia kila baada ya muda kunazuia usahaulifu huo. Hilo ndilo tatizo ambalo ServerAliveInterval inalitibu.

Tatizo la pili ni anwani kubadilika. Umeme ukikatika pale ofisini, wote hukimbilia hotispoti ya simu. Papo hapo laptopu inapata anwani nyingine, na kati ya vile vitu vinne kimoja kimeshakuwa uongo. Seva inaendelea kutuma majibu kwenye anwani ya zamani. Hapo hata ukiulizia kila sekunde, unaulizia kutoka mahali ambapo seva haipajui. Ruta kuzimika kunaleta balaa la aina hiyohiyo, kwani jedwali lake liko kwenye kumbukumbu inayopotea umeme ukiondoka.

Tatizo la tatu ni usingizi. Laptopu iliyofungwa mfuniko haiulizii chochote wala haijibu. Na kwenye seva mtu aliyeisimika alikuwa ameweka ClientAliveInterval 60, ambayo kwa hesabu ya kawaida ya maswali matatu ina maana kwamba mteja asiyejibu kwa dakika tatu anatolewa. Kwa usalama ni uamuzi unaoeleweka. Kwa mtu anayefunga laptopu akatembea kwenda kupanda bajaji, ni hukumu.

Jaribio la mfuniko

Kijana hakuamini mara moja, na nilifurahi hakuamini. "Kaka, lakini skripti iko kwenye seva. Laptopu yangu ikilala inahusikaje?"

Tukaandika skripti ndogo isiyogusa kanzidata kabisa. Kila sekunde inaandika saa kwenye skrini, na saa hiyohiyo inaiandika kwenye faili la seva. Tukaianzisha, tukafunga mfuniko, tukaenda kunywa chai. Tuliporudi tulifungua muunganisho mpya tukasoma faili. Saa zilikuwa zimeendelea kwa takribani dakika tatu baada ya mfuniko kufungwa, kisha kimya.

Kilichotokea ni hiki. Kila programu iliyoanzishwa ndani ya kikao cha SSH inaning'inia kwenye terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, ya kikao hicho. Seva ilipomtoa mteja, terminali ilifungwa, na mfumo ukazipelekea programu zote zilizoitegemea ishara iitwayo SIGHUP. Ishara hiyo ni ya enzi ambazo terminali zilipiga simu kwenye kompyuta kubwa. Simu ikikatwa, kazi ya mpigaji nayo inazimwa. Programu ambayo haikuandaliwa kuipokea inakufa hapohapo, bila kuandika popote imefika wapi.

Skripti ya malipo ilikuwa na ubaya wa ziada. Ilikuwa inachapisha kila mstari kwenye skrini, maelfu ya mistari. Laptopu ikilala, hakuna anayepokea mistari hiyo. Nafasi ya kusubirishia upande wa seva inajaa, na skripti inakwama kwenye kuchapisha, haiendi kwenye rekodi inayofuata. Kwa hiyo hata zile dakika tatu kabla ya kuuawa haikuzitumia zote kufanya kazi. Tulipobadilisha ile skripti yetu ndogo ichapishe mafungu makubwa ya maandishi badala ya saa moja moja, faili lilisimama mapema zaidi, na kijana akaliangalia bila kusema kitu.

Tulianza na skripti

Wengi wangeanza na mtandao. Mimi nilisisitiza tuanze na skripti, kwa sababu muunganisho utakatika tu siku moja hata ufanye nini, na kilichomuumiza mpagazi ni kazi ambayo ikikatika haijulikani imeishia wapi, na ikirudiwa inarudufu.

Kila malipo yakapewa utambulisho usioweza kujirudia: namba ya safari, namba ya mfanyakazi na aina ya malipo, kwa pamoja. Kanzidata ni PostgreSQL, na tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016 ina ON CONFLICT DO NOTHING, yaani ukileta mstari ambao tayari upo, inaupita kimya bila kuuingiza mara ya pili. Rekodi zikaingizwa kwa mafungu ndani ya muamala mmoja mmoja, safari moja muamala mmoja: ama watu wote wa safari hiyo wameingia, ama hakuna hata mmoja. Ile hali ya mpagazi kuonekana na mwenzake kukosekana haikuwezekana tena. Na mistari ikaelekezwa kwenye faili la logi badala ya skrini.

Jedwali lililoharibika tulilifuta lote. Kijana alitaka kulisafisha kwa kuondoa zilizojirudia, lakini malipo mawili yanayofanana yanaweza kuwa ya halali: mtu amepewa ujira, kisha sehemu yake ya bakshishi yenye kiasi kilekile. Mama wa hesabu alikuwa na karatasi zilizosainiwa getini na kumbukumbu za malipo ya simu. Hizo ndizo zilizotumika kuhakiki, na yule aliyekosa alilipwa.

Baada ya hapo ndipo tukaja kwenye kuitenganisha kazi na muunganisho. Njia rahisi ni tmux, programu ya kutunza terminali kwenye seva, ambayo imekuwepo tangu 2007. Ndugu yake mkubwa, GNU Screen, ni wa 1987. Ukiingia kwenye seva unaandika

tmux new -s malipo

na kazi yako inaanzia ndani ya terminali inayomilikiwa na seva yenyewe. SSH ikikatika, kinachopotea ni dirisha la kutazamia tu. Ukirudi unaandika tmux attach -t malipo na unakuta skrini ilivyo. Uangalie jambo moja: kwenye baadhi ya mifumo ya Linux, systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, imewekewa KillUserProcesses, ambayo inaua kila kitu cha mtumiaji anapotoka, tmux ikiwemo. Kwenye seva hii haikuwashwa, lakini tulihakikisha kwa kujaribu, hatukukisia.

Usiku ule skripti mpya ilikimbia ndani ya tmux, laptopu ikiwa imefungwa. Ilimaliza.

Kwenye mipangilio, tuliondoa 15 na 3 tukaweka 60 na 10. Kila dakika jedwali la ruta linakumbushwa, na laptopu inavumilia dakika kumi kabla ya kukata. Upande wa seva ClientAliveInterval ikawa 300 na idadi ya maswali 12, yaani saa nzima. Sikutaka kuizima kabisa. Vikao vilivyokufa bila kutolewa hujazana, na kikao kilichosahauliwa wazi kwenye seva yenye rekodi za watu si kitu cha kuacha. Ruta nayo ikanunuliwa UPS yake ndogo ya volti 12, zile za ukubwa wa kiganja. Kabla ya kununua soma kibandiko chini ya ruta, kwa sababu kuna zinazotaka volti 9. Kwa fedha ndogo, kifaa hiki kiliondoa sehemu kubwa ya mikatiko ya mchana, maana ruta isipozimika haisahau jedwali wala hakuna anayekimbilia hotispoti.

Basi la Arusha

Kijana huyu hushinda njiani sana: mara getini Mweka kupokea kundi linaloshuka, mara Arusha kwa mawakala. Alitaka afungue laptopu popote aendelee. Hapo nilimwekea Mosh, programu ya kuingia kwenye seva kama SSH, iliyotoka chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2012 kwa mikono ya Keith Winstein na Hari Balakrishnan. Inaanza kwa SSH ya kawaida ili kuthibitisha wewe ni nani, kisha inaiacha TCP na kuhamia UDP, itifaki inayotuma pakiti bila kutunza muunganisho, kwa kawaida poti kati ya 60000 na 61000. Kila pakiti imefungwa kwa ufunguo wa kikao. Seva haijali pakiti imetoka anwani gani. Ikiwa ufunguo ni sahihi na pakiti ni mpya kuliko zilizotangulia, seva inahamishia majibu yake huko. Kwa hiyo mtu anafunga laptopu Moshi akiwa kwenye faiba, anapita Boma Ng'ombe na Usa River, anaifungua Arusha kwenye hotispoti, na herufi anayoandika inatokea. Haina haja ya kurudisha mistari yote iliyopita alipokuwa amelala, inaleta sura ya skrini ilivyo sasa.

Ina faida nyingine inayoonekana kwa mtu wa huku hasa. Pakiti kwenda Frankfurt na kurudi inazidi milisekunde 100, na kwa SSH ya kawaida kila herufi inasubiri safari hiyo. Mosh inakisia na kuonyesha herufi papo hapo, ikiipigia mstari chini mtandao ukiwa mzito, kisha inauondoa seva ikithibitisha. Lakini ukitaka kupandisha skrini kusoma ya nyuma, haina. Ndiyo maana tmux ilibaki ndani yake.

Mama wa hesabu alikuwa na shida tofauti. Yeye hatumii terminali. Programu yake ya ripoti ilikuwa inafika kwenye kanzidata kupitia njia iliyofunguliwa ndani ya SSH, na Mosh haibebi njia za namna hiyo. Kwake tuliweka WireGuard, mtandao binafsi (VPN) unaosafiri kwa UDP. Humo kila kompyuta inatambulika kwa ufunguo wake, na ina anwani ya ndani isiyobadilika. Programu ya ripoti inaongea na kanzidata kwa anwani hizo za ndani, kwa hiyo vile vitu vinne vya TCP havitikisiki hata akihama kutoka faiba kwenda simu. Tuliongeza PersistentKeepalive ya sekunde 25 ili majedwali ya katikati yasimsahau. Akifunga kompyuta kwenda kula mchana, ripoti anaikuta wazi. Akiifunga mpaka kesho, haiwezi kudumu: baada ya saa mbili seva inaanza kuulizia, inauliza mara tisa kila sekunde 75, na ifikapo kama saa mbili na dakika kumi na moja inafuta. Nilimweleza hivyo waziwazi. "Basi asubuhi nitaifungua upya tu, mwanangu," akasema. "Nilichokuwa siwezi kuvumilia ni kuanza upya kila saa."

Limebaki jambo moja ambalo sijalipatia suluhisho la kuridhisha. Kijana hulala kwenye nyumba moja ya wageni Arusha ambayo Wi-Fi yake inazuia UDP yote isipokuwa ya kutafuta majina ya tovuti. Mosh hapo inaandika kwamba haijapokea chochote kwenye poti 60001, na WireGuard nayo haifiki. Kwa sasa anatumia bando la simu yake, au SSH ya kawaida iliyo na tmux ndani. Tunafikiria Eternal Terminal, programu nyingine ya namna hiyo, ambayo inajiunganisha yenyewe tena juu ya TCP kwa poti 2022. Ila hiyo nayo inataka mwenye Wi-Fi awe ameiacha poti hiyo wazi, na kijana bado hajaijaribu kutoka pale.